Vyombo vya habari na nchi inayojizatiti kwa silaha: jibu kwa maalim wa Wete

Suali la msomaji: "Nasomesha uraia katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu kwa kina. Nchi inapoamua kuongeza askari, kununua ndege za kivita na kujenga manowari, vyombo vya habari vina sehemu gani katika uamuzi huo? Vinaripoti tu yanayotokea, au vyenyewe huisukuma nchi huko? Na sisi wa visiwani, tunaosikia habari za mataifa makubwa redioni na kuziona kwenye simu, mambo hayo yanatuhusu nini?"

Jibu:

Maalim, nakushukuru wewe na wanafunzi wako kwa suali hili, na nitatanguliza jibu lenyewe kabla ya maelezo. Uamuzi wa nchi kujizatiti hufanywa na serikali na bunge, na sababu zake nyingi ziko nje ya chumba cha habari: jirani mwenye nguvu, mgogoro wa mpaka, viwanda vinavyotaka zabuni, viongozi wanaotafuta kura. Hata hivyo, fedha za silaha hutoka kwa wananchi, na wananchi hawana njia ya kukiona kitisho kwa macho yao. Mkaazi wa Wete hawezi kuhesabu makombora ya nchi nyengine, na wa London pia hawezi. Ukubwa wa kitisho ataujua kwa kuambiwa, na wanaomwambia ni gazeti, redio, televisheni na, zama hizi, simu yake. Nguvu ya vyombo vya habari iko hapo: hukipima kitisho kwa niaba ya watu wasioweza kukipima, na aghalabu hufanya hivyo katika wiki zilezile ambazo matumizi yanajadiliwa bungeni. Kipimo kikiwa kibaya, masahihisho yake huja baada ya fedha kwisha kutumika.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Uingereza, nami nitaueleza kwa urefu kwa sababu tawi lake moja lilifika mpaka katika bandari yetu. Mwaka 1884 gazeti la London liitwalo Pall Mall Gazette, chini ya mhariri W. T. Stead, lilichapisha mfululizo wa makala yaliyodai kwamba jeshi la majini la Uingereza, ambalo Waingereza walidhani halina mpinzani, lilikuwa limedhoofika kiasi cha kuhatarisha nchi. Takwimu za makala hayo hazikuokotwa mitaani. Sehemu yake ilitoka ndani ya jeshi lenyewe, na miongoni mwa waliompa Stead habari alikuwa John Fisher, wakati huo ofisa wa cheo cha kati, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa jeshi hilo. Serikali ya waziri mkuu Gladstone haikupenda kabisa matumizi ya aina hiyo, lakini kelele zilipozidi ilibidi iongeze mamilioni ya pauni. Mwaka 1889 bunge likapitisha sheria iliyotenga pauni milioni 21.5 kwa ajili ya meli mpya, na kuithibitisha kanuni kwamba jeshi la majini la Uingereza lazima liwe na nguvu zisizopungua zile za majeshi mawili yanayolifuata yakiunganishwa pamoja.

Naomba wanafunzi wako wautazame vizuri mpangilio huo, kwa sababu wataukuta tena katika kila zama. Ofisa anataka meli, kwa hiyo humpa mhariri takwimu; mhariri hupata habari ambayo kila mtu atainunua; msomaji hupata wasiwasi; mbunge hupata barua za wapiga kura wake; na ofisa hupata meli. Katika mzunguko wote huo hakuna aliyelazimika kusema uongo. Kila mmoja alifanya kazi yake, na matokeo yakawa ni mamilioni ya pauni yaliyoamuliwa chini ya wasiwasi ambao hakuna aliyeupima kutoka nje.

Robo karne baadaye mambo yalijirudia kwa kishindo kikubwa zaidi. Fisher alikuwa sasa ndiye mkuu, na mwaka 1906 Uingereza ilizindua manowari iitwayo Dreadnought, ambayo kwa kasi yake na ukubwa wa mizinga yake ilizifanya manowari zote za zamani, zikiwemo za Waingereza wenyewe, zionekane zimepitwa na wakati. Ujerumani nayo ikaanza kujenga za aina hiyo. Mwezi Machi 1909 waziri mhusika, Reginald McKenna, aliliambia bunge kwamba Wajerumani huenda wanajenga kwa haraka kuliko walivyotangaza. Magazeti ya upande wa upinzani yakalidaka jambo hilo, na nchi nzima ikashika wito mmoja: tunataka nane, na hatusubiri. Ndani ya baraza la mawaziri mabishano yalikuwa baina ya wanaotaka meli sita na wanaotaka nne, na Winston Churchill, aliyekuwa miongoni mwa waliotaka nne, alikuja kuandika baadaye kwamba baada ya mvutano huo walisuluhishana kwa meli nane. Zilijengwa nane. Katika mjadala huo ilisemwa kwamba kufikia mwaka 1912 Ujerumani ingeweza kuwa na meli 17, hata 21, za aina hiyo. Mwaka 1912 ulipofika, hata hiyo 17 haikufikiwa.

Upande wa pili nao haukuwa umelala. Mwaka 1897 Admirali Tirpitz, alipokabidhiwa wizara ya majini ya Ujerumani, alianzisha ofisi maalumu ya habari ya kuwahudumia waandishi na kuwafanya Wajerumani waipende bahari. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha raia cha kupigania jeshi la majini, kikisaidiwa na wenye viwanda, ikiwemo kampuni ya Krupp iliyouza chuma cha manowari hizohizo, na chama hicho kikawa na gazeti lake na wanachama wengi mno. Katika mashindano ya aina hii magazeti ya pande mbili hulishana. Makala ya ukali ya London ikinukuliwa Berlin huwa ushahidi kwamba Waingereza wana nia mbaya. Jibu la Berlin likifika London huwa ushahidi kwamba kitisho ni cha kweli. Mhariri wa kila upande anaamini kwamba anaonya tu, wala hajioni kuwa yeye mwenyewe ni sehemu ya kile kinachoonywa upande wa pili.

Sasa nije kwetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, wiki chache baada ya vita kuu kuanza, manowari ya Uingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja ikitengenezwa mitambo yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea kusini, ilikokuwa ikijificha katika delta ya Rufiji, ikaipiga ikiwa mbali kiasi ambacho mizinga ya Pegasus haikuweza kujibu. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani, kinachoonekana ukisimama Forodhani. Pegasus ilikuwa meli ya mwaka 1897. Miaka yote ile ya kelele magazeti yalihesabu aina moja tu ya meli, zile kubwa za mstari wa mbele katika Bahari ya Kaskazini. Siwezi kudai kwamba makala za 1909 ndizo zilizoizamisha Pegasus, kwani kulikuwa na sababu za kijeshi za kukusanya nguvu karibu na nyumbani. Ninachokisema ni kwamba habari za kujizatiti mara nyingi hufanya zaidi ya kukikuza kitisho: hukifanya kipimo chenyewe kiwe chembamba. Idadi ya kitu kimoja kinachohesabika kwa urahisi hushika ukurasa wa mbele, na maswali ya meli za mbali, matengenezo, mafunzo na afya ya mabaharia hayapati hata safu moja ndani.

Wanafunzi huenda wakauliza kwa nini huwa hivyo hata pale ambapo waandishi ni waaminifu. Sababu kubwa ni chanzo. Mwandishi wa afya anaweza kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, akahesabu vitanda, akazungumza na mgonjwa, na muuguzi, na mtu aliyekosa dawa, kisha akayapima maneno ya waziri kwa aliyoyaona. Mwandishi wa ulinzi hana nafasi hiyo. Kambi ina geti, ripoti ya kijasusi ina muhuri wa siri, na anayeweza kumfungulia vyote viwili ni taasisi ileile inayoomba fedha. Akiandika yasiyopendeza, safari ijayo ya kwenda kuona mazoezi ya kivita atapewa mwenzake wa gazeti jengine. Kwa hiyo hata mwandishi mwenye nia safi hujikuta amesimama mahali ambapo sauti moja inamfikia kwa nguvu na nyengine hazimfikii kabisa.

Siku hizi kuna njia nyengine ya sauti hiyo moja kusikika kama nyingi, nayo ni wachambuzi. Mwaka 2008 mwandishi David Barstow wa gazeti la New York Times alionyesha jinsi wizara ya ulinzi ya Marekani ilivyowaandaa majenerali wastaafu waliokuwa wakitokea katika televisheni kama wachambuzi huru wa vita vya Iraq. Walipewa mikutano ya faragha na safari, wakalishwa hoja za kusema, na baadhi yao walikuwa na uhusiano na makampuni yanayopata zabuni za kijeshi, jambo ambalo mtazamaji hakuambiwa. Uchunguzi huo ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Nauthamini sana, kwa sababu ulifanywa na chombo cha habari dhidi ya mazoea ya vyombo vya habari vyenyewe.

Kuhusu masahihisho yanayochelewa, Vita Baridi ina mfano ulio wazi. Mwezi Julai 1955, katika maonyesho ya anga karibu na Moscow, Warusi waliyapitisha makundi ya ndege mpya za kudondosha mabomu, na baadaye ikafahamika kwamba ndege zilezile zilizunguka na kupita tena. Waliokuwa chini wakihesabu waliona wingi, na Marekani ikaingiwa na hofu kwamba imeachwa nyuma kwa ndege. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, na hofu ikahama kutoka kwenye ndege kwenda kwenye makombora. Mwezi Desemba mwaka huohuo gazeti la Washington Post lilifichua yaliyomo katika ripoti ya siri iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya Rais Eisenhower, ambayo ilichora picha ya nchi iliyo hatarini. Joseph Alsop, mwandishi wa safu iliyosomwa nchi nzima, aliendelea kuonya kwamba Warusi watakuwa na makombora mengi mno kuliko Marekani, na katika kampeni ya urais ya 1960 John Kennedy alilifanya pengo hilo kuwa hoja yake.

Eisenhower alikuwa na habari kutoka kwa ndege za upelelezi za U-2 zilizomfanya atilie shaka pengo hilo, lakini hakutaka kuzitoa hadharani. Ilipofika Februari 1961 waziri mpya wa ulinzi, Robert McNamara, aliwaambia waandishi kwamba pengo la aina hiyo halipo, na ikazuka kelele kubwa kiasi kwamba serikali ilijitahidi kuyapoza maneno yake. Mwezi Septemba mwaka huohuo makadirio ya idara za kijasusi, yakitegemea picha za setilaiti, yaliweka makombora ya masafa marefu ya Warusi kati ya 10 na 25 tu. Lakini Marekani ilikuwa imekwisha kushika njia, na hatimaye ikaweka makombora 1,000 ya Minuteman peke yake. Warusi nao walikuwa wakitazama. Kosa la hesabu lililokuzwa magazetini likawa sehemu ya mashindano ya kweli, na mashindano ya kweli hayafutwi kwa kuchapisha masahihisho.

Gazeti la New York Times lenyewe lilikuja kukiri, tarehe 26 Mei 2004, kwamba baadhi ya habari zake kuhusu silaha za Iraq kabla ya vita vya 2003 hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Vita vilikuwa vimetimiza zaidi ya mwaka.

Maalim, isije ikaeleweka kwamba kila kujizatiti ni kosa, na kwamba kila chombo kinachowaita watu washike silaha kimepotoka. Sisi tuna mfano wetu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Amin akatangaza kuichukua ardhi ya kaskazini ya mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia, na redio ikayafikisha kila kijiji maneno ambayo wazee wako hapo Wete bila shaka wanayakumbuka: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 lilipanuka hadi kupita 100,000 pamoja na mgambo, na vijana wa Unguja na Pemba walikuwemo. Redio ilikuwa ya serikali na haikujifanya vyenginevyo. Kwa maoni yangu ilifanya kazi halali, kwa sababu kitisho hakikuwa makadirio ya ofisi yoyote: ardhi ilikuwa imetwaliwa, watu walikuwa wamekimbia makwao, na kila aliyetoka Kagera alikuwa shahidi.

Iliposhindwa redio ile ni baada ya hapo. Vita viliigharimu nchi kiasi kinachokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na wananchi wakaombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na foleni za unga na sukari zikaendelea. Mjadala wa wazi kuhusu gharama, kuhusu ukubwa wa jeshi ambalo nchi ingeweza kulimudu baada ya vita, na kuhusu namna ya kuwarudisha mgambo katika kazi zao, haukupata nafasi hewani kama ilivyopata hamasa. Nchi zinapojizatiti, mwanzo huwa na watangazaji wengi na mwisho huwa nao wachache.

Kutoka hapo nafika kwenye sehemu ya suali lako ambayo naiona nzito zaidi kwetu, nayo ni kunyamaza. Tunapofikiria athari ya vyombo vya habari tunafikiria kelele, lakini katika nchi nyingi za Afrika silaha hununuliwa katika ukimya. Wewe na mimi tunaijua habari ya rada. Tanzania ilinunua rada ya kijeshi kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, wakati ambapo Benki ya Dunia ilikuwa na mashaka na bei na ufaafu wake, na hata ndani ya serikali ya Uingereza waziri wa misaada, Clare Short, alipinga mauzo hayo. Mnamo 2007 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba katika biashara ile yalikuwemo malipo ya siri kwa wakala. Magazeti ya Tanzania yakaifuatilia habari hiyo kwa nguvu, wabunge wakauliza, na mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, ikatozwa faini ya pauni 500,000 na kukubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, zilizobatizwa mitaani jina la chenji ya rada, zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya skuli.

Mimi naisoma habari hiyo kwa furaha na kwa masikitiko pamoja. Furaha ni kwamba fedha zilirudi, jambo ambalo ni nadra katika biashara ya silaha duniani kote. Masikitiko ni kwamba ufichuzi wenyewe ulifanywa na gazeti la nchi ya muuzaji, miaka kadhaa baada ya mkataba kutiwa saini. Suali la bei lingeweza kuulizwa kwa Kiswahili, hapa nchini, kabla ya mkopo kuchukuliwa, bila ya kufichua siri yoyote ya kivita. Bei ya rada haimsaidii adui kuipita.

Wahariri wetu wengi watakwambia kwamba ni sheria inayowazuia, na kweli Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina adhabu kali kwa anayechapisha habari zilizowekwa muhuri wa siri. Lakini wigo wa sheria ni mwembamba kuliko wigo wa woga. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo makadirio ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husomwa kila mwaka Dodoma, na hotuba ya waziri hutangazwa wazi. Yaliyosomwa bungeni si siri. Mwandishi wa Unguja anaweza kueleza fungu la mishahara ni kiasi gani, la maendeleo kiasi gani, na mwaka uliopita kiasi gani kilitolewa kweli kati ya kilichoidhinishwa. Vikosi maalumu vya Serikali ya Mapinduzi, kama vile KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na JKU (jeshi la kujenga uchumi), vinajadiliwa kwa bajeti yao katika Baraza la Wawakilishi, hapa hapa Chukwani. Ni nadra kukuta habari inayolinganisha takwimu hizo mwaka kwa mwaka. Tunachokipata zaidi ni picha za gwaride, na gwaride, kwa heshima zote kwa wanaolifanya, halielezi chochote kuhusu matumizi.

Kwamba habari za ulinzi zinaweza kuandikwa kwa ujasiri na nchi ikabaki salama, Ujerumani Magharibi ilithibitisha mwaka 1962. Jarida la Der Spiegel lilichapisha makala iliyoonyesha kwamba katika mazoezi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, jeshi la Ujerumani lilipewa daraja la chini kabisa la utayari. Serikali iliivamia ofisi ya jarida, na mhariri wake, Rudolf Augstein, akakaa mahabusu siku 103. Wananchi waliandamana, waziri wa ulinzi Franz Josef Strauss akalazimika kuondoka, na mahakama ikakataa kuifungua kesi ya uhaini dhidi ya Augstein. Jeshi halikuvunjika. Naitaja habari hii pia kwa sababu nyengine: makala ile haikusema silaha zipunguzwe. Ilisema kwamba fedha na mipango ya wizara havikuleta ulinzi ulioahidiwa. Chombo cha habari kinaweza kuhoji bila ya kuwa mpinga jeshi, na msomaji asikubali kuambiwa kwamba lazima achague kimoja kati ya hivyo.

Suali lako la mwisho lilikuwa linatuhusu nini sisi wa visiwani. Tumewahi kuingizwa katika hesabu za wengine bila ya kuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilijenga kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wake wa kupeleka binadamu angani, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na kituo hicho alipopita juu yetu. Zama zile za siasa wapinzani wa kituo walieleza kwamba ni cha roketi za kivita. Hakikuwa na roketi. Lakini mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu upande mmoja ulimpa hofu na upande wa pili haukumpa maelezo ya kutosha kwa lugha yake. Baada ya Mapinduzi, mwezi Aprili 1964, kituo kiliamriwa kuondoka. Wakati huohuo kulikuwa na waandishi wa Magharibi waliokuwa wakiiita Zanzibar Kuba ya Afrika, jina lililowafanya wakubwa wa Washington na London waitazame Unguja kama kambi ya adui kabla hawajajua kinachoendelea. Tulikuwa watu wanaoogopeshwa na, kwa wakati mmoja, watu wanaoogopwa, na katika hali zote mbili habari ilikimbia mbele ya ukweli.

Leo kasi hiyo imeongezeka. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia silaha na matumizi ya kijeshi, ilikadiria matumizi ya kijeshi ya dunia kwa mwaka 2024 kuwa dola za Marekani bilioni 2,718, ongezeko la asilimia 9.4 katika mwaka mmoja. Mwezi Juni 2025 nchi za NATO zilikubaliana shabaha ya asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, na vichwa vingi vya habari vikaishia kwenye hiyo 5, ilhali makubaliano yenyewe yanagawa 3.5 kwa ulinzi hasa na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nao, kama vile miundombinu. China nayo ilitangaza ongezeko la asilimia 7.2 kwa bajeti ya ulinzi ya 2025, sawa na miaka miwili iliyotangulia. Asilimia hiyo imeandikwa kama kitisho na imeandikwa kama dalili ya utulivu, ikitegemea gazeti liko wapi, na takwimu ni ileile.

Kwa wanafunzi wanaopokea video kwenye simu, wafahamu kwamba vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vimesambazwa mara nyingi kama picha za vita halisi, kiasi kwamba kampuni inayoutengeneza ilitoa maelezo mwaka 2022 ya namna ya kuzitambua. Video ya kombora isiyo na mahali wala tarehe isihesabiwe kuwa habari.

Kama una vipindi viwili vya nafasi, ningependekeza zoezi hili. Wachague habari moja kuhusu nchi inayonunua silaha, iliyosomwa ZBC au kuchapishwa katika gazeti lolote walilonalo. Kwanza waandike ni nani hasa aliyesema kwamba kitisho kipo, na kama yeye au taasisi yake inanufaika fedha zikitolewa. Kisha watafute takwimu iliyotajwa imelinganishwa na nini: na mwaka jana, na jirani, na bajeti ya elimu, au haikulinganishwa na chochote. Halafu watazame tarehe: bajeti inajadiliwa lini, uchaguzi ni lini, mkataba unasainiwa lini. Mwisho wamtafute mtu ambaye habari ile ingepaswa kumuuliza na haikumuuliza, na waandike suali ambalo wao wangemuuliza. Maswali watakayoyaandika ningefurahi kuyaona, na yale yanayohusu bajeti yetu wenyewe yanaweza kupelekwa kwa mbunge wa jimbo lenu kabla ya kikao cha bajeti, ambacho huanza Aprili.